Siku tatu za baba zinaisha, ya nne ndiyo ngumu

Dodoma. Mtoto akizaliwa Jumatatu alfajiri, baba aliyeajiriwa huanza kuhesabu. Jumatatu yupo wodini, analeta uji na kanga safi. Jumanne anapokea simu za ndugu na kufuatilia tangazo la kizazi. Jumatano anatafuta usafiri wa kumrudisha mzazi nyumbani. Alhamisi saa 1:30 asubuhi anatakiwa awe mezani kwake ofisini, Mtumba au kwingineko.

Kama mama amejifungua kwa upasuaji, Alhamisi hiyo huenda ndiyo kwanza anaruhusiwa kutoka hospitali.

Hivyo ndivyo siku tatu za likizo ya baba zinavyokwisha katika nyumba nyingi za watumishi na waajiriwa. Mjadala wa likizo hiyo mara nyingi huishia kwenye idadi, kwamba siku tatu ni chache. Ni kweli ni chache. Lakini kuna jambo la pili ambalo wazazi wengi hulitambua wakiwa tayari nyumbani na kichanga: siku hizo mara nyingi huangukia wakati mama bado yuko mikononi mwa wakunga, na huisha wakati anapobaki peke yake.

Sheria inasemaje

Haki hiyo imo katika Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Sheria inampa mfanyakazi aliye baba wa mtoto likizo ya malipo isiyopungua siku 3, kwa sharti kwamba aichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwajiri anaweza kuomba uthibitisho wa kuzaliwa kwa mtoto kabla ya kulipa.

Yapo maneno mengine ambayo baba wengi hawajayasoma. Siku hizo 3 ni za mzunguko mzima wa likizo, na kwa likizo ya aina hii mzunguko ni miezi 36. Ndani ya miaka mitatu hiyo, sheria haiongezi siku hata baba akipata watoto zaidi ya mmoja.

Hapo kuna jambo la kushangaza kidogo. Wataalamu wa afya huwashauri wazazi wasubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine. Wenzi wakifuata ushauri huo kwa makini na mimba ikatunga mara moja, mtoto wa pili atazaliwa takribani miezi 33 baada ya wa kwanza. Kutegemea mzunguko ulianza lini, baba huyo aliyefuata uzazi wa mpango anaweza kukuta siku zake 3 zilishatumika kwa mtoto wa kwanza.

Kwa mama, sheria hiyohiyo inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha au zaidi. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kwenda kunyonyesha. Wakija mapacha, mama anaongezewa siku 16. Kima cha chini cha baba kinabaki palepale.

Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kazini kwa kawaida hajafikia haki ya likizo yenye malipo. Kwa hiyo kijana aliyepata ajira mpya huku mkewe akiwa na mimba kubwa anategemea zaidi utu wa bosi wake kuliko sheria.

Siku ya nne ina nini

Ukiwauliza wakunga ni lini mzazi anahitaji mtu wa karibu, wengi hawatataja siku ya kwanza peke yake. Siku ya kwanza kuna muuguzi, kuna kitanda cha wodi, na kuna wazazi wengine wa kuulizana nao. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Mambo mengi hubadilika baada ya hapo.

Kati ya siku ya pili na ya nne maziwa hujaa. Matiti huvimba na kuuma, na mtoto ambaye bado hajajua kushika chuchu vizuri hulia kwa njaa huku maziwa yapo. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Kila mnyonyesho ukichukua nusu saa tu, mama anatumia saa 4 hadi 6 ameketi na mtoto kifuani. Nani anachota maji, nani anapika, nani anamwangalia mkubwa anayetaka kupelekwa shule?

Siku ya tatu hadi ya tano ndipo umanjano wa vichanga huwa mkali zaidi kwa watoto waliotimiza miezi yao tumboni. Kwa wengi huisha wenyewe. Lakini ukishuka hadi viganja na nyayo, au ukimfanya mtoto asinzie na kukataa kunyonya, ni safari ya hospitali bila kusubiri kesho.

Siku hizohizo ndizo ambazo mama wengi hulia bila sababu wanayoweza kuieleza. Ni mabadiliko ya homoni, uchovu na maumivu, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki 2. Yakizidi hapo, au mama akianza kusema hamtaki mtoto au hataki kuishi, huo ni ugonjwa wa sonona baada ya kujifungua na unatibika. Mtu wa kwanza kuona tofauti ni yule anayelala naye chumba kimoja.

Aliyejifungua kwa upasuaji ana kidonda tumboni na hatakiwi kunyanyua vitu vizito kwa wiki kadhaa. Ndoo ya lita 20 ni kitu kizito. Mtoto wa miaka miwili anayelilia kubebwa naye ni mzito.

Takwimu zinaonyesha kwa nini wiki hiyo haitakiwi kuchukuliwa kirahisi. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wanawake nchini hujifungulia kwenye vituo vya afya. Ni hatua kubwa. Lakini utafiti huohuo ulikuta vichanga 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya kutimiza siku 28. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa duniani kote takribani robo tatu ya vifo vya vichanga hutokea katika wiki ya kwanza.

Ndiyo maana shirika hilo linataka mama na mtoto waonwe tena na mhudumu wa afya kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya 6. Ziara mbili kati ya hizo zinakuja baada ya siku 3 za baba kuisha.

Mji usio na bibi

Zamani swali la likizo ya baba halikuwa na uzito huu, kwa sababu nyumba haikukosa watu. Mzazi alikaa ndani siku 40. Mama yake au mama mkwe alihamia, mashangazi walipokezana jikoni, na baba alitakiwa alete kuni, nyama ya supu na hela. Kazi yake ilikuwa nje ya mlango wa chumba.

Dodoma ya leo si hiyo. Baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia makao makuu, maelfu ya watumishi walifuata wizara zao. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la Jiji la Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Wengi wa waliohamia wamepanga au kujenga Nzuguni, Iyumbu, Kisasa na Ihumwa, na mama zao wamebaki Moshi, Bukoba, Mbeya au Tanga. Bibi huyo naye huenda bado yuko dukani, shambani au kazini, na hana wiki 6 za kuja kukaa.

Familia hutafuta njia mbili. Ya kwanza, mama anarudi kwao kujifungulia huko. Hapo baba aliyebaki Dodoma anatumia sehemu ya siku zake 3 njiani. Tangu Julai 2024 treni ya SGR imepunguza safari ya Dar es Salaam kuwa takribani saa 4, lakini Kigoma na Songea bado ni mbali vilevile. Ya pili, mama anajifungulia Dodoma na nyumba inaachiwa dada wa kazi, ambaye mara nyingi ni binti mdogo ambaye hajawahi kushika kichanga.

Katika nyumba ya namna hiyo baba akitoka Alhamisi asubuhi, hakuna mwingine anayechukua nafasi yake.

Mchezaji naye ni baba

Wapo watakaosema kazi nyingine haziwezi kusimama kwa ajili ya mtoto. Mfano unaotajwa ni wa wanamichezo: mechi haisubiri. Lakini michezo ndiko mjadala huu umepigwa hadharani zaidi, na majibu yake yana funzo kwa ofisi na viwanda.

Mwaka 2011 ligi kuu ya besiboli ya Marekani iliweka utaratibu wa likizo ya baba. Mchezaji anaondoka siku 1 hadi 3, na klabu inaruhusiwa kumwingiza mchezaji mwingine kwenye orodha kwa siku hizo. Wa kwanza kuutumia alikuwa Colby Lewis wa Texas Rangers, Aprili mwaka huo. Idadi ya siku inafanana na ya kwetu. Kilichofanya utaratibu ukubalike ni hiyo nafasi ya mbadala: klabu haichezi pungufu, na mchezaji haonekani kuwasaliti wenzake.

Hata hivyo lawama hazikukosekana. Aprili 2014 Daniel Murphy wa New York Mets alikosa mechi 2 za mwanzo wa msimu baada ya mkewe kujifungua kwa upasuaji. Watangazaji wa redio walimshambulia hewani, na mmoja wao, mchezaji wa zamani Boomer Esiason, akaishia kuomba radhi. Miezi miwili baadaye Murphy alialikwa Ikulu ya Marekani kuzungumza kuhusu baba wanaofanya kazi.

Mashabiki wa soka wa hapa wanawajua wengine. Kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2018 nchini Urusi, Fabian Delph aliondoka kambi ya England kwenda kumshuhudia mwanawe akizaliwa. Alikosa mchezo wa 16 bora dhidi ya Colombia, kisha akarejea kambini. England ilifika nusu fainali.

David Silva wa Manchester City alikosa mechi kadhaa msimu wa 2017/18, na baadaye akaeleza kwamba mwanawe Mateo alizaliwa njiti wa miezi michache mno. Kocha Pep Guardiola alimpa ruhusa ya kwenda na kurudi kadiri familia ilivyomhitaji. City walimaliza msimu huo wakiwa mabingwa kwa pointi 100.

Nyumbani hali ina sura mbili. Mchezaji wa Dodoma Jiji, Singida Black Stars au klabu nyingine yenye kumlipa mshahara kwa mkataba ni mfanyakazi kama mwingine, na kima cha chini cha sheria kinamhusu. Lakini ratiba haimhurumii. Timu ikitoka Dodoma kwenda kucheza Bukoba au Mbeya, safari na mechi peke yake vinaweza kula siku zote 7 ambazo sheria inataka likizo iwe imechukuliwa. Kanuni za FIFA za mwaka 2021 ziliweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 kwa wachezaji wa kike. Ulinzi huo uliandikwa kwa ajili ya wanawake. Mwanamume anabaki na sheria ya nchi yake na mkataba alioweka saini.

Sura ya pili ni ya wanamichezo walioko majeshini. Riadha ya Tanzania imebebwa kwa miaka mingi na askari. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, Septemba 2025, ni askari wa Jeshi la Wananchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini haiwahusu askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Likizo zao zinafuata taratibu za majeshi yao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wanamichezo wetu hawaguswi na Kifungu cha 34 kabisa.

Na wapo wakimbiaji wasio na mwajiri, wanaojifua wenyewe kwenye barabara za vumbi za Singida na Manyara. Hao wako kundi moja na bodaboda.

Majirani na walio mbali

Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inampa baba wiki 2 za likizo kwa mshahara kamili. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, inatoa siku 4 za kazi. Tanzania iko karibu zaidi na Uganda, na mbali na jirani yake wa kaskazini ambaye uchumi na mazingira yake ya kazi yanafanana na ya kwetu kwa mengi.

Wiki 2 zingevuka siku ya nne, ujazo wa maziwa, kilele cha umanjano, ziara ya pili ya kituo na majonzi ya mwanzo ya mama. Kwa kipimo cha afya, si anasa.

Lakini kuna njia nyingine inayostahili kuangaliwa na waajiri wanaoogopa gharama. Mwaka 2012 Sweden, ambako wazazi tayari walikuwa na likizo ndefu, ililegeza masharti ili baba aweze kuchukua hadi siku 30 akiwa nyumbani pamoja na mama katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Hakulazimika kuzichukua kwa mkupuo. Aliweza kuchukua moja leo na mbili wiki ijayo, kadiri hali ilivyodai.

Watafiti wa uchumi Petra Persson na Maya Rossin-Slater walifuatilia kilichotokea. Katika miezi 6 ya kwanza, dawa za kutuliza wasiwasi walizoandikiwa mama zilipungua kwa asilimia 26, na ziara za hospitali kwa matatizo yatokanayo na uzazi zilipungua kwa asilimia 14. Baba wengi hawakutumia siku nyingi. Kilichosaidia ni kwamba mama alipoamka na homa au hakulala usiku kucha, mwenzake aliweza kubaki nyumbani siku ileile.

Funzo lake kwa Tanzania ni rahisi. Hata kabla ya kuongeza siku, sharti la siku 7 linaweza kulegezwa. Siku 3 ambazo baba anaweza kuzitawanya ndani ya wiki 6 zingemfaa mama kuliko siku 3 zinazoishia kwenye korido ya hospitali.

Hofu ya waajiri, na ya wanawake pia

Mwajiri mwenye wafanyakazi watano ana haki ya kuuliza nani atafanya kazi. Mshahara wa likizo hiyo hutoka mfukoni mwake. Jibu la besiboli linafaa hapa: mtoto hazaliwi ghafla. Mwajiri anayejua miezi mitatu kabla ana muda wa kupanga kaimu, kama anavyofanya mtu akienda masomoni au safari ya kikazi.

Wapo pia wanawake wanaosema kwa kicheko kwamba baba akipewa wiki 2 atazitumia kuangalia mpira na kukaa kijiweni, na mama atakuwa na mtu wa ziada wa kumpikia. Hofu hiyo haitoki hewani. Likizo haiwezi kumfundisha mtu kazi ambayo hajawahi kuambiwa ni yake. Ndiyo maana maandalizi yanaanzia kliniki. Baba aliyehudhuria kliniki na kusikia dalili za hatari kwa masikio yake hurudi nyumbani akijua cha kufanya.

Na sheria hubadilika pale familia zinaposema. Kwa miaka kadhaa Taasisi ya Doris Mollel ilipigania mama wa watoto njiti, waliokuwa wakimaliza likizo zao wodini kabla mtoto hajafikia uzito wa kuruhusiwa. Kwenye Mei Mosi ya mwaka 2024 jijini Arusha, Makamu wa Rais wakati huo, Dk Philip Mpango, alitangaza nyongeza ya muda kwa mama hao, na mwaka 2025 sheria ya kazi ikarekebishwa kuwatambua. Waliotaka mabadiliko hayo walieleza kwa hesabu ya siku na wiki kile ambacho mtoto anahitaji. Hoja ya baba inaweza kujengwa hivyohivyo.

Baba afanye nini na siku alizonazo

Wakati mabadiliko yakisubiriwa, siku 3 zinaweza kufanya kazi kubwa zikipangwa.

Toa taarifa mapema. Mimba ikifika miezi 6, mwandikie mwajiri ukitaja tarehe ya matarajio. Mtoto akizaliwa, peleka nakala ya tangazo la kizazi.

Usizianze siku zako bila kufikiri. Sheria inataka zichukuliwe ndani ya siku 7. Haisemi lazima zianze siku ya kuzaliwa. Kama mke wako amefanyiwa upasuaji na wodini yupo dada yake au mama yake, unaweza kuomba zianze siku atakayoruhusiwa.

Unganisha na likizo ya mwaka. Mfanyakazi ana siku 28 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12. Mwajiri ndiye anayepanga zichukuliwe lini, hivyo omba mapema kabla ratiba ya idara haijafungwa. Baba aliyetunza hata siku 10 atakuwa nyumbani hadi wiki ya pili.

Mchezaji, ongea wakati wa kusaini. Kipengele cha kukosa mechi mke anapojifungua ni rahisi kuandikwa pamoja na vya bonasi na nyumba kuliko kuombwa usiku wa safari.

Kama huna mwajiri, jitengenezee likizo. Dereva wa bodaboda, machinga, fundi na mkulima wa zabibu wa Hombolo hawana wa kuwalipa. Wenye busara huanza kuweka kidogo kila siku tangu mimba ya miezi 3, huku wakipatana na mwenzao ashike chombo au meza kwa hesabu. Wiki ya kwanza usiende mbali. Rudi mchana, hata kwa saa 2 tu mama alale.

Ukiwa nyumbani, shika kazi zisizohitaji titi. Maji, chakula, kufua, mtoto mkubwa, wageni. Wageni ni kazi: mwambie shemeji na majirani kwa heshima kwamba mzazi anapumzika, waje wiki ijayo. Usiku mtoto akimaliza kunyonya, mpokee umcheulishe. Dodoma ya Juni na Julai ina baridi kali usiku. Mtoto avikwe kofia na soksi. Njiti hupata joto kwa kulazwa kifuani ngozi kwa ngozi, na kifua cha baba kinafaa kama cha mama.

Zijue dalili za hatari. Kwa mtoto: kukataa kunyonya, mwili wa moto au wa baridi, kupumua haraka au kubonyea mbavu, degedege, manjano ya viganja na nyayo, kitovu chenye usaha au wekundu. Kwa mama: damu nyingi, kichwa kuuma sana au kuona maluweluwe, homa, uchafu wenye harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Ukiona mojawapo, nendeni kituoni saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku.

Ukinyimwa haki, usigombane. Anza na ofisi ya utumishi, kisha chama cha wafanyakazi au ofisa kazi wa mkoa. Mgogoro ukishindikana kumalizwa kazini unaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sheria hiyohiyo inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya majukumu ya kifamilia.

Na siku ya kurudi kazini ikifika, kuna mambo matatu ya kuacha nyumbani kabla ya kutoka: maji yaliyojaa kwenye ndoo, namba ya bodaboda au bajaji anayeaminika, na simu yako ikiwa wazi mfukoni hata kwenye kikao.